Namna ya kuzitazama kromosomu za chachu ya pombe zikikazwa na kutenganishwa

Kromosomu ya kwanza ya chachu iitwayo Schizosaccharomyces pombe ina takriban jozi milioni 5.7 za besi, yaani herufi za DNA. Kwa kuwa kila jozi huchukua nanomita 0.34 hivi, uzi huo ukinyooshwa wote utafika karibu milimita 1.9, ilhali seli inayoubeba, hata inapokuwa tayari kugawanyika, ina urefu wa mikroni 14 tu. Uzi umeizidi nyumba yake zaidi ya mara 130, na bado, katika muda usiofika saa moja, nakala zake mbili lazima ziachane, kila moja iende upande wake, na pasisalie kipande kinachopita katikati pale ukuta mpya utakapojengwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipanga kazi ya maabara ili mtu alione jambo hilo kwa macho yake, atambue ni protini gani inayofanya kazi katika kila hatua, na ajue kuyasoma maumbo yanayotokea protini mojawapo inapokosekana.

Kuchagua seli na ukoo wake

Hamira tunayonunua dukani kwa ajili ya mkate na mandazi, yaani Saccharomyces cerevisiae, imewafundisha wanabiolojia mengi kuhusu mgawanyiko wa seli, lakini ina kromosomu 16 ndogo ambazo hata zikikazwa huonekana kama donge moja. S. pombe ina kromosomu tatu, tena kubwa, na zikikazwa vizuri mtu anaweza kuzihesabu moja, mbili, tatu chini ya hadubini. Paul Lindner aliieleza chachu hii mwaka 1893 baada ya kuipata katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, naye akaipa neno letu lenyewe kuwa jina; nasi humu tutaiita pombe tu kwa kifupi. Mtafiti wa London au Kyoto anayelitamka jina hilo mara kumi kwa siku anazungumza Kiswahili, ajue asijue.

Ukoo unaofaa kuanzia nao huitwa nda3-KM311. Jeni ya nda3 hutoa tubulini beta, ambayo ni tofali mojawapo la mikrotubuli, na mikrotubuli ndizo nyuzi zinazounda spindeli, chombo kinachozivuta kromosomu kwenda kwenye ncha mbili za seli. Katika ukoo huu tofali hilo lina kasoro inayojitokeza kwenye baridi peke yake: katika nyuzi 30 za Selsiasi na zaidi seli hukua bila tatizo, lakini katika nyuzi 20 spindeli haijengeki. Seli huingia katika mitosisi, yaani mgawanyo wa kiini, hukaza kromosomu zake, kisha hukwama papo hapo, kwa sababu protini za ulinzi, Mad2 ikiwa mojawapo, huzuia hatua inayofuata mpaka kila kromosomu iwe imeshikwa na nyuzi. Hiraoka, Toda na Yanagida waliueleza ukoo huu mwaka 1984, wakiwa Kyoto. Thamani yake kubwa ni kwamba kufuli lake hufunguka. Ukirudisha joto, spindeli hujengwa ndani ya dakika chache, na seli zote zilizokuwa zikingoja huondoka karibu kwa pamoja, jambo ambalo katika chupa ya chachu ya kawaida hulipati, kwa kuwa kila seli huenda kwa saa yake.

Pamoja na ukoo huo, uwe na chachu isiyo na kasoro yoyote, pamoja na koo tatu au nne za kulinganisha: cut3-477 au cut14-208, ambazo kondensini yao, yaani protini inayokaza kromosomu, huharibika kwenye joto la nyuzi 36, ukoo wenye kasoro ya cut1 au cut2, na ukoo wenye kasoro ya top2, jeni ambazo kazi zake zitaelezwa mbele. Koo hizi huhifadhiwa katika hazina za chachu, mojawapo ikiwa ile ya mradi wa NBRP nchini Japani.

Kukuza seli na kuzikwamisha

Tayarisha chakula cha YES kwa kuweka katika lita moja ya maji gramu 5 za dondoo la chachu na gramu 30 za glukosi, kisha uongeze miligramu 225 za kila kimoja kati ya adenini, histidini, leusini, urasili na laisini. Pandikiza seli jioni, uziache zikue katika nyuzi 30 zikitikiswa, na asubuhi uzihesabu kwa kioo cha kuhesabia seli. Unataka takriban seli milioni 5 katika kila mililita. Zikizidi milioni 10 zitaanza kuona njaa, na seli yenye njaa haina haraka ya kugawanyika. Ukizihamishia kwenye baridi zikiwa katika hali hiyo, utangoja mchana kutwa na utapata seli chache sana zilizokwama. Ni afadhali kuzipunguza kwa chakula kipya na kungoja mzunguko mmoja zaidi kuliko kulazimisha ratiba.

Chupa ikiwa tayari, ihamishie kwenye beseni la maji linalotikisa, lenye nyuzi 20 kamili, uiache humo kwa saa 6 hadi 8. Usijaze chupa kupita theluthi moja, ili hewa ipite. Usivuke muda huo kwa mbali pia, kwa maana ulinzi wa seli huchoka: baada ya kungoja sana seli huamua kuendelea bila spindeli, hujenga ukuta, na ukuta huo hupita juu ya kiini ambacho hakijagawanyika.

Hapa pana tahadhari ambayo miongozo iliyoandikwa katika nchi za baridi haiitaji, kwa sababu waandishi wake hawakuihitaji. Meza ya maabara Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi ina nyuzi 28 hadi 30, na kwa ukoo huu hilo ndilo joto la kufungulia kufuli. Nairobi mwezi Julai unaweza usione tatizo lolote. Pwani, bomba lililoachwa mezani wakati mtu anatafuta pipeti linaanza mitosisi bila kukuuliza. Nilipoteza siku mbili nzima nikishangaa kwa nini seli zangu nilizodhani zimekwama zilikuwa na viini viwili vilivyoachana vizuri, hadi nilipotia kipimajoto ndani ya bomba lenyewe badala ya kuamini namba iliyoandikwa kwenye beseni. Pasha baridi kila kitu kitakachogusa seli, ikiwa ni pamoja na ncha za pipeti.

Yanayotendeka ndani ya seli wakati unangoja

Saa hizo za kungoja si za kupoteza, kwa sababu ndipo nusu ya kwanza ya kisa inapotendeka. Seli iliponakili DNA yake, nakala mbili za kila kromosomu, zinazoitwa kromatidi dada, zilifungwa pamoja na kohesini, ambayo ni pete ya protini iliyo na kiungo kiitwacho Rad21. Pete hizo ndizo zitakazohakikisha kwamba seli inajua ni kromatidi zipi zilizo jozi, hata baada ya kila kitu kuvurugika na kukunjwa.

Seli inapovuka mlango wa mitosisi, kimeng'enya cha Cdc2 huwa kimeamka. Miongoni mwa mambo mengi kinayoyafanya, huweka fosfeti kwenye protini ya Cut3, na alama hiyo huiwezesha kondensini, ambayo hapo awali nyingi yake ilikuwa nje ya kiini, kuingia ndani. Katika hamira ya mkate mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa kondensini yake hukaa ndani ya kiini wakati wote. Kondensini ya pombe ina viungo vitano: Cut3 na Cut14, ambavyo ni mikono mirefu iliyoshikana kwa ncha na inayotumia ATP kama nishati, pamoja na Cnd1, Cnd2 na Cnd3 vinavyoifunga mikono hiyo chini iwe pete.

Kwa miaka mingi watu walijua kwamba kondensini inakaza kromosomu bila kujua inafanyaje. Mwaka 2018 watafiti wa Delft nchini Uholanzi, wakishirikiana na wenzao wa Heidelberg, waliufunga uzi wa DNA kwenye kioo kwa ncha zake mbili, wakauwekea kondensini ya hamira pamoja na ATP, na wakauona uzi ukivutwa kuwa kitanzi, kitanzi kikikua, kwa kasi iliyoweza kufika jozi 1,500 za besi kwa sekunde. Ni mfano wa baharia anayekusanya kamba ya nanga, mkono mmoja umeshika na mwingine unavuta, pindo baada ya pindo, mpaka kamba iliyokuwa imetapakaa sitahani inakuwa fungu moja linalobebeka. Kromosomu iliyokazwa ni mfululizo wa mapindo ya namna hiyo, na ndiyo maana haihitaji mtu wa kuipangia: kila kondensini hufanya kazi ndogo mahali ilipo, na umbo kubwa hujitokeza lenyewe.

Kukaza huku hakufupishi uzi tu. Kromatidi dada zilizotoka kunakiliwa huwa zimesokotana, na hakuna nguvu ya kuvuta inayoweza kusokotoa mamilioni ya jozi za besi bila kuzikata. Topoisomerasi ya pili, inayotokana na jeni ya top2, hukata nyuzi zote mbili za DNA, hupitisha DNA nyingine katika pengo hilo, kisha huunga palipokatwa. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho kinaweza kufungua fundo na kinaweza pia kulifunga upya. Kondensini inapozivuta nyuzi kila moja kwenye fungu lake, huzipunguzia nafasi ya kusokotana tena, na hivyo kufungua kunashinda kufunga. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa kwa sababu vitabu huweka kukaza katika sura moja na kutenganisha katika sura nyingine: kromosomu isiyokazwa haikosi unadhifu tu, bali haijamaliza kutengana.

Kuzigandisha na kuzitazama

Ili seli zisipate nafasi ya kupata joto, usianze kwa kuzizungusha katika sentrifuji. Mimina mililita 1 ya seli moja kwa moja ndani ya mililita 2.3 za ethanoli safi iliyokaa kwenye friza, utikise mara moja, nawe utapata mchanganyiko wa asilimia 70 hivi ambao huua seli na kugandisha umbo lake papo hapo. Baada ya hapo unaweza kuzizungusha, kuziosha kwa maji, na kuzichanganya na rangi ya DAPI ya mikrogramu 1 kwa mililita, ambayo hushika DNA na kung'aa kwa samawati chini ya hadubini ya fluoresensi. Ongeza kalkofluo, rangi inayoshika ukuta wa seli, kidogo sana ili ukuta wa katikati uonekane pia. Ukiizidisha itafunika kila kitu. Vaa glavu, kwani rangi inayoshika DNA ya chachu haitabagua yako.

Tumia lenzi ya mara 100 yenye mafuta. Katika seli ya kawaida iliyo nje ya mitosisi utaona kiini kama nusu duara pana inayong'aa, na upande wa pili pakiwa na giza la nukleoli, sehemu ya kiini yenye jeni za ribosomu. Katika seli ya nda3 iliyokwama utaona kitu kingine kabisa: vijiti vitatu vifupi, vyenye mpaka mkali, vikiwa vimekusanyika mahali pamoja au vimeachana kidogo. Mara nyingine viwili hulaliana, nawe utahesabu viwili. Sogeza kiwango cha lenzi juu na chini kabla ya kuandika. Hesabu angalau seli 200 kwa kila sampuli, na umwombe mwenzako afiche majina ya sampuli kwa namba, kwa sababu jicho linalojua linachotafuta hukiona hata pasipokuwapo.

Kufungua kufuli

Hamisha chupa kutoka nyuzi 20 kwenda kwenye beseni lenye nyuzi 36. Chupa nene huchelewa kupata moto, kwa hiyo izungushe kwa mkono ndani ya maji kwa dakika ya kwanza, au ongeza ujazo mdogo wa chakula kilichopashwa moto. Panga mabomba ya ethanoli mapema, yakiwa yameandikwa, kwa kuwa utachukua sampuli kila baada ya dakika 2 hadi dakika ya 20 na hutapata nafasi ya kutafuta kalamu.

Katika sampuli za mwanzo spindeli inajengwa kati ya miili miwili iliyo kwenye utando wa kiini, utando ambao katika chachu hauvunjiki kama unavyovunjika katika seli zetu. Kila kromatidi hushikwa kwenye sentromea yake, yaani mahali pake pa kushikwa, na mikrotubuli mbili hadi nne, na mshiko uliokosewa, kwa mfano dada wote wawili wakivutwa upande mmoja, hulegezwa na kimeng'enya cha Ark1 ili ujaribiwe upya. Mshiko wa mwisho unapokuwa sawa, Mad2 hunyamaza, na hapo ndipo mnyororo wa kutenganisha unapoanza. Mkusanyiko wa protini uitwao APC/C, ukisaidiwa na Slp1, huitia Cut2 alama ya kuharibiwa. Cut2 ni sekurini, kifuniko kilichokuwa kimeuziba mdomo wa Cut1. Ikishasagwa, Cut1, ambayo ni separasi, huwa huru na hukata Rad21. Pete ya kohesini ikikatwa, hakuna tena kinachowafunga dada. Inafaa kujua kwamba katika pombe ni sehemu ndogo tu ya Rad21 yote inayokatwa wakati huu, kwa hiyo anayetafuta ushahidi kwa kupima Rad21 nzima ya seli asitarajie kuiona ikitoweka.

Machoni pako, mabadiliko ni ya ghafla. Sampuli moja ina vijiti vilivyokusanyika; inayofuata ina seli nyingi zenye mafungu mawili yanayoelekea ncha za seli; kisha spindeli hurefuka, ikisukumwa na protini kama Ase1 inayozifunga mikrotubuli pamoja na Klp9 inayozitelezesha, mpaka mafungu yanafika karibu na ncha za seli. Ukuta huonekana mwisho, ukiwa katikati ya nafasi tupu.

Kusoma maumbo ya seli zenye kasoro

Sasa rudia kutazama kwa kutumia koo za kulinganisha. Kuza cut3-477 katika nyuzi 26, uihamishie katika nyuzi 36 kwa saa 2, na uitendee vivyo hivyo chachu isiyo na kasoro, la sivyo hutajua ni kipi kilichosababishwa na joto lenyewe. Utaona sentromea zimefika kwenye ncha za spindeli kama inavyotakiwa, lakini mikono ya kromosomu imebaki nyuma, ikitanda katikati, kiasi kwamba DNA yote inachukua umbo la herufi fai ya Kigiriki. Seli ilivuta, nyuzi zilishika, Rad21 ilikatwa, na bado haikufaulu, kwa sababu kamba haikukusanywa. Kisha ukuta hushuka juu ya DNA iliyotanda na kuikata. Jina cut linatokana na maneno ya Kiingereza yanayomaanisha seli iliyoraruliwa kabla ya wakati wake, na ukishaiona moja hutalisahau.

Seli za cut1 na cut2 nazo hukatwa na ukuta, lakini kwa sababu nyingine: dada hawakufunguliwa kabisa, na kiini hubaki katikati kama tunda chini ya kisu. Ukoo wa top2 huonyesha DNA iliyovutwa nyembamba kama utelezi wa bamia. Kwa hiyo kukatwa kwa kiini ni kama homa. Kunakuambia kwamba pana ugonjwa, hakukuambii ni upi. Tofauti unaipata kwa kuangalia sampuli za kabla ya ukuta kushuka, na ikiwezekana kwa kutumia ukoo ambao sentromea zake zimetiwa alama inayong'aa: zikiwa zimeachana, tafuta kosa katika kondensini au topoisomerasi, zikiwa bado pamoja, tafuta katika separasi na yale yanayoitangulia.

Ukitaka kujua kama kasoro imegusa kukaza kwenyewe kabla ya kuvuta kuanza, unganisha kasoro hiyo na nda3 katika seli moja. Watafiti wa Kyoto walifanya hivyo mwaka 1987 kwa top2, wakichagua kasoro ya top2 inayojitokeza kwenye baridi, ili zote mbili zionekane katika joto moja. Walikuta kromosomu ndefu, zilizosokotana, ambazo hazikufikia umbo la vijiti. Usijaribu njia hiyo hiyo kwa cut3-477, ambayo kondensini yake inaharibika kwenye nyuzi 36 huku nda3 ikikwama kwenye 20, kwa maana hakuna joto moja litakaloonyesha kasoro zote mbili.

Kwa kondensini ni bora kupima seli hai. Tumia ukoo wenye alama mbili za rangi tofauti kwenye mkono mmoja wa kromosomu, zikiwa zimeachana kwa jozi milioni moja hivi za besi, pamoja na alama ya tatu kwenye miili ya spindeli ili ujue mitosisi imeanza lini. Piga picha za matabaka ya mikroni 0.3 kwa kila nukta ya muda, na upime umbali kwa vipimo vyote vitatu, kwani kiini ni tufe, na alama mbili zilizopangana moja juu ya nyingine huonekana zimegusana kwenye picha bapa. Katika seli yenye kondensini nzima umbali huo hupungua kadiri mitosisi inavyosonga, na haupanuki tena kama mwanzo. Katika cut3-477 hubaki ukiyumbayumba, na spindeli inapoanza kuvuta, huongezeka.

Mwisho, usizitupe sampuli za dakika ya 16 hadi ya 20 kwa kudhani kazi imekwisha. Kromosomu ya tatu ya pombe hubeba kwenye ncha zake zote mbili safu ndefu za jeni za ribosomu, sehemu ambayo hutegemea kondensini sana na mara nyingi huwa ya mwisho kuachana. Ongeza mwangaza wa kamera mpaka viini vyenyewe viungue kwa weupe, kisha utafute kati yake uzi hafifu wa samawati unaovuka mahali ukuta unapojengwa. Katika seli nzima huonekana kwa muda mfupi na kutoweka, lakini katika ukoo wenye kondensini dhaifu, hata ule unaoonekana mzima kabisa katika nyuzi 30, utaukuta ukuta umeshafika na uzi bado upo.